Uzi: Ford Mustang ya 1965–66, magonjwa yake, gharama zake halisi, na kwa nini nasema kagua bodi kabla ya injini

SpanaYaInchi (mleta uzi), Columbus, Ohio

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa, shikamooni.

Nimepata meseji nyingi kutoka kwa ndugu walioko huku Marekani wanaotaka kununua Mustang ya zamani, na swali ni lile lile: inasumbua wapi, na nitatoboka kiasi gani? Naandika hapa mara moja ili kila mtu asome.

Yangu ni ya 1966, milango miwili yenye paa la bati, V8 ya inchi 289 (lita 4.7 kwa hesabu yetu), giaboksi ya otomatiki. Nililinunua Oktoba 2021 kwa dola 11,500. Kabla ya kuja huku nilikuwa fundi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, miaka saba, kwa hiyo injini haikunitisha. Nilizunguka gari mara tatu nikisikiliza mlio wa injini, nikachomoa plagi, nikapima mgandamizo wa silinda, zote nane zikasoma vizuri. Nikatoa hela. Sikuinua zulia. Kosa langu lilikuwa hilo, na ndilo lililonigharimu kuliko mengine yote.

Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, bei ya kuanzia dola 2,368, na haikumaliza miaka miwili kabla ya kuvuka magari milioni moja. Chini yake ni Ford Falcon, gari la kawaida la familia. Kwa sababu yalitengenezwa mengi hivyo, spea zake zipo hadi leo, mpya kabisa, kuanzia skrubu ya taa mpaka bati la sakafu. Kwa spea, Mustang ni rahisi kuishi nayo kuliko magari mengi ya umri wa nusu yake.

Ila gari hili halina chesisi. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Bodi ikiliwa na kutu, gari limeliwa uti wa mgongo.

Nianze na kaoli. Chini ya wipa, kati ya boneti na kioo cha mbele, kuna matundu ya kuingiza hewa. Chini ya matundu hayo kuna sanduku la bati ambalo maji ya mvua huingia halafu yanatakiwa yatokee pembeni, nyuma ya fenda. Ndani ya sanduku zimesimama shingo mbili za bati, moja upande wa dereva na moja upande wa hita, za kupitisha hewa kwenda ndani ya gari. Majani ya miti yanaingia, yanaoza, yanashika unyevu, na kutu inaanza kula pale shingo zilipokaa. Siku hiyo mvua ikinyesha, maji hayatoki tena pembeni, yanadondoka miguuni kwako. Zulia linakaa na maji miezi, sakafu inaoza. Wewe unaona gari linang'aa rangi nyekundu, huku chini linakwisha.

Sanduku hilo halifunguki. Ni bati mbili zilizochomelewa kwa nukta nyingi kiwandani. Kulitengeneza ni kuvua fenda na boneti, kutoboa nukta zote moja moja, kuinua bati la juu, kukata lililooza, kuweka jipya na kuchomelea upya. Mabati yenyewe ni dola mia chache. Saa za fundi ndizo zinazoua. Gereji za bodi nilizoulizia hapa Columbus zilitoza kati ya dola 110 na 140 kwa saa.

Mwenye gari kabla yangu alikuwa amefunika sakafu iliyooza kwa vipande vya bati vilivyopigwa ribeti, juu yake akamwaga lami, juu ya lami zulia jipya. Fundi wa kwanza wa bodi niliyempelekea aliziba shingo za kaoli kwa faiba na silikoni, akachukua hela yangu, na mvua ya pili maji yakarudi. Fundi wa pili alitoa yote yale akaanza moja. Nilimlipa dola 3,100 kwa kaoli, 2,400 kwa sakafu pande zote pamoja na lile sanduku la bati linalounganisha sakafu na boriti ya mbele, na 900 kwa bati la chini ya betri na boriti iliyo karibu nalo. Betri inakaa mbele kulia, na asidi ya miaka yote hiyo hudondokea pale pale. Jumla dola 6,400. Rangi sijagusa.

Ukienda kuona Mustang, beba galoni mbili za maji na tochi. Mwombe mwenye gari ruhusa, mwaga taratibu kwenye yale matundu, nusu kushoto, nusu kulia, huku mwenzako amelala sakafuni anamulika juu chini ya dashibodi. Mwenye gari akikataa, umeshapata jibu.

Mengine ya kuangalia haraka: minara ya shokapu mbele hupasuka, sakafu ya buti, na chini ya bati za nyuma pembeni ya matairi. Beba na sumaku ndogo. Pasipovuta, pana plasta.

Nitaendelea na breki na injini.

SpanaYaInchi

Breki. Hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Mustang za 1965 na 1966 zilitoka na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na kanyagio) ya chumba kimoja. Bomba moja, mafuta yale yale, matairi yote manne. Ford walileta ya vyumba viwili mwaka 1967. Maana yake kwenye gari kama langu, silinda moja tu ya tairi ikipasuka, kanyagio linazama mpaka chini na huna breki popote. Mimi ilinipata nikishuka mteremko kwenda kwenye taa, Aprili 2022. Nilivuta breki ya mkono, ile ya kuvuta chini ya dashibodi, nikaingiza gia ya chini, gari likasimama katikati ya makutano. Mungu alisaidia hapakuwa na gari linalokatiza. Mwanangu alikuwa kiti cha nyuma.

Wiki hiyo hiyo nikafunga masta silinda ya vyumba viwili, silinda nne mpya za matairi, viatu vya breki, na mipira yote mitatu. Nilitumia dola 480, kazi nikafanya mwenyewe. Ukitaka diski mbele, seti kamili niliziona kati ya dola 700 na 1,100. Diski ni nzuri, lakini drami zilizowekwa sawa zinasimamisha gari. Chumba kimoja ndicho kisichokubalika. Ukinunua gari lenye masta ya zamani, usiliendeshe kwenda nyumbani. Lipakie kwenye trela.

Kuchemsha. Kila mwenye 289 atakuambia gari lake linachemsha kwenye foleni ya kiangazi, na kila mtu ananunua rejeta kubwa. Na mimi nilinunua, dola 260, na pampu ya maji dola 65, thamostati 12, mipira 50. Likaendelea kuchemsha, tena barabara kuu ndiyo zaidi kuliko mjini. Hapo ndipo nilipotakiwa kufikiri. Gari linalochemsha foleni lakini linapoa barabarani, tafuta feni. Linalochemsha kwa kasi, maji hayazunguki. Siku moja nikamwambia mke wangu akanyage mafuta huku nimeinama: mpira wa chini wa rejeta ulikuwa unanywea kama mrija wa soda. Mpira wa kiwandani una springi ndani ya kuuzuia usinywee, ule nilionunua haukuwa nayo. Nikaweka wenye springi, ugonjwa ukaisha.

Jambo jingine la 289: gasketi ya silinda hedi imeandikwa neno la Kiingereza la kuonyesha upande wa mbele. Ukiigeuza, inafunga njia za maji za nyuma. Injini inawaka vizuri tu, inachemsha tu. Ukinunua gari ambalo hedi zilishafunguliwa na linachemsha bila sababu, tazama kona za gasketi zinazojitokeza mbele ya bloku.

Na la tatu, taiming, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Ile puli nzito ya mbele ya krenki ina pete ya mpira kati ya vyuma viwili. Mpira ukizeeka, chuma cha nje kinateleza na alama ya taiming inahama nacho. Unaweka digrii 6 kwa taa ya kupimia taiming, kumbe injini iko kwingine kabisa. Inakosa nguvu, inapata joto. Hakikisha kwanza pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa alama inasoma sifuri, ndipo uiamini taa yako.

Mwana_Gerezani, Dar es Salaam

Mleta uzi, nimefurahi kuona mtu wa Gerezani. Mimi niko hapa hapa mtaani, spana mkononi kila siku. Swali langu dogo: hizo bolti unafungua kwa namba gani? Sisi tumezoea kumi, kumi na mbili, kumi na nne.

SpanaYaInchi

Ndugu yangu, hapo ndipo jina langu lilipotoka. Kila kitu ni inchi. Saba kwa kumi na sita, nusu inchi, tisa kwa kumi na sita, ndizo nazoshika kutwa. Milimita kumi na tatu ya kwetu inakaribia nusu inchi, ndiyo maana mtu anaweza kudanganyika, lakini ina nafasi ndogo, na bolti yenye kutu ya miaka sitini ukiishika na spana yenye nafasi unamaliza kona zake. Nilinunua seti ya mitumba kwenye mnada wa nyumba ya mzee mmoja, dola 40, vyuma vya zamani kweli kweli. Sijutii.

MkenyaDallas

Hongera sana kaka kwa uzi huu. Mimi niko na ya 1965 hapa Texas, lakini yangu ni silinda sita, ile ya inchi 200. Watu huidharau hii injini bure. Kutoka 1965 krenki yake imeshikwa na beringi saba, haivunjiki ovyo. Wacha niwaambie kile kilinisumbua, labda kitasaidia mwenye sita.

Gari lilikuwa halivuti. Ukikanyaga linakohoa, mlimani nguvu hakuna. Mekanika wa kwanza akasema kabureta, nikanunua nyingine mpya. Ikazidi kuwa mbaya. Kumbe distributa (kile kifaa cha kugawa umeme kwa plagi) ya hii sita ya zamani haina vile vyuma vya kuongeza taiming kwa mzunguko. Inategemea uvutaji wa hewa peke yake, na uvutaji huo unatoka kwa valvu maalum iliyo ndani ya kabureta yake ya Autolite 1100. Hizo mbili ni mtu na mke wake. Ukiweka kabureta nyingine isiyo na ile valvu, distributa haijui injini iko kasi gani, taiming haipandi. Nilirudisha kabureta ya kwanza, nikaifungua, seti ya gasketi dola 35, ikawa sawa. Ama ubadilishe zote mbili pamoja, kabureta na distributa ya miaka ya mbele.

Kitu kingine, ekzosi manifoldi ya sita hupasuka. Ukisikia tik tik asubuhi injini ikiwa baridi na inapotea ikipata moto, angalia hapo kwanza kabla mtu hajakuuzia valvu.

Kwa kutu, Texas niko sawa. Hatuna chumvi barabarani.

SpanaYaInchi

Asante sana ndugu, hili la distributa naliweka alama. Nimeona sita nyingi zinauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo hiyo, mwenye gari kakata tamaa.

Na hilo la chumvi ni kweli. Huku Ohio, Michigan, Minnesota, majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi. Gari lililokaa Arizona au California mbali na bahari rangi imepauka, viti vimepasuka kwa jua, dashibodi imekatika, lakini bati ni zima. Viti na dashibodi unanunua kwa kadi usiku mmoja. Kulipia usafiri wa gari zima kutoka kule ni nafuu kuliko kununua lililooza mlangoni kwako.

Nimalizie ya kwangu.

Moto wa plagi: gari linakuja na platini na kondensa, vile vidude vya zamani vya kukatia umeme ndani ya distributa. Platini za seti ni kama dola 25 na mtu mwenye gauji ya kupimia anaziweka kwa dakika ishirini. Mimi nimeweka ya elektroniki inayoingia ndani ya distributa ile ile, dola 110, plagi na waya 60. Mfuatano wa moto wa 289 ni 1-5-4-2-6-3-7-8, uandike ndani ya mlango wa gereji yako.

Mafuta: petroli ya huku ina etanoli, na mipira ya zamani haiipendi. Inalainika, inapasuka, na mpira wa mafuta uko juu ya injini ya moto. Badilisha yote siku ya kwanza, hata kama inaonekana mizima. Kabureta ya V8 ya mapipa mawili, Autolite 2100, ni rahisi sana kuifungua. Seti yake ya gasketi ilinigharimu dola 45. Tangi jipya 180, geji ya ndani ya tangi 45, mipira 30. Na mjue kwamba juu ya tangi ndiyo sakafu ya buti yenyewe. Kati ya tangi na kiti cha nyuma hakuna ukuta wa chuma. Kuna bati la kufunga pale linauzwa. Mwenye watoto aliweke.

Taiming cheni: gia ya kamshafti ya kiwandani ilikuwa na meno yaliyofunikwa nailoni ili isipige kelele. Nailoni inakauka, inakatika, vipande vinaangukia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili. Yangu nilipofungua sampu nilikuta vipande vitano. Seti ya chuma yenye cheni ya safu mbili dola 70, gasketi 40.

Oili: kamshafti za zamani zinasugua bila rola, zinahitaji oili yenye zinki ya kutosha. Oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguza zinki. Nunua ya magari ya zamani. Na usishangae tone la oili chini nyuma ya injini, sili ya nyuma ya krenki ilikuwa ya kamba. Sili ni dola 20, kuifikia ni siku nzima.

Giaboksi ya otomatiki, C4: yangu ilikuwa inateleza ikiingia ya pili. Fundi alifungua yote kwa dola 1,650. Lakini kabla hujafungua, tazama kile kidude cha vakyumu nyuma yake. Utando wake ukipasuka, injini inavuta mafuta ya giaboksi na kuyachoma. Moshi mweupe mzito unatoka, watu wanakuambia injini imekufa, kumbe ni kidude cha dola 25. Chomoa mpira wake; ukikuta mafuta mekundu ndani, umempata mwizi.

Usukani wa pawa: valvu yake inavuja, dola 190 iliyokarabatiwa. Bushi, boljointi na mikono ya mbele 450, kupimisha matairi 120. Geji ya mafuta na ya joto zikidanganya pamoja kwa wakati mmoja, usibadilishe geji. Nyuma ya dashibodi kuna kidude kimoja kinachozilisha umeme zote mbili, dola 25.

Nimejumlisha risiti jana usiku. Mitambo yote, pamoja na giaboksi: dola 3,882. Bodi: 6,400. Na bei ya kununulia 11,500. Ni dola 21,782, na saa zangu mwenyewe sijaziweka.

GiaYaTatu, Atlanta

Mkuu heshima yako, lakini kwa hela hiyo si ungetoa kila kitu ukaweka injini ya kisasa ya Mustang, ile ya lita 5.0 yenye sindano za mafuta, na giaboksi ya gia tano? Unawasha asubuhi bila kubembeleza.

SpanaYaInchi

Mkuu, nimefanya kazi hiyo kwenye gari la rafiki, najua ninachokisema. Injini ile ya miaka ya themanini na tisini ni ya ukoo mmoja na 289, kwa hiyo inaingia, lakini sampu ya oili inabadilishwa, viti vya injini vinabadilishwa, waya zinaingia nyingi, pampu ya mafuta ya umeme, mabomba mapya ya tangi. Ukishaongeza nguvu, breki na ekseli ya nyuma zinadai zao. Mtu anayeendesha kila siku afanye, sitamzuia. Mimi nataka gari walilolifanya wale watu wa Ford kule Dearborn, na kabureta iliyopimwa sawa inawaka asubuhi. Yangu inawaka kwa kukanyaga mara moja hata kwenye baridi ya Novemba.

BintiUpanga, Minneapolis

Shikamoo kaka. Marehemu mume wangu aliniachia Mustang ya 1965 ya paa la turubai. Sitaki kuiuza. Imekaa gereji miaka mitatu. Wiki iliyopita fundi aliinyanyua kwa jeki pembeni, mlango wa abiria ukakataa kufunguka mpaka akaishusha. Ananiambia ni bawaba zimechoka, dola 300. Niamini?

SpanaYaInchi

Marahaba dada, na pole sana kwa msiba.

Usilipe hizo dola 300 kwanza. Gari la turubai halina paa la kushikilia bodi, kwa hiyo Ford waliongeza nguvu chini: kingo za ndani chini ya milango ni nene zaidi, na kuna yale masanduku ya kuunganisha sakafu na boriti za mbele, pande zote mbili. Vikioza, gari linajipinda katikati. Ukilinyanyua, nafasi ya mlango inabana, ndiyo maana unakataa. Bawaba iliyochoka inafanya mlango uning'inie siku zote, hata gari likiwa chini.

Fanya hivi. Gari likiwa chini, pima kwa sarafu nafasi ya juu kati ya mlango na bati la nyuma. Linyanyue tena, pima. Ikibadilika, ni kutu. Muulize fundi wa bodi, si wa bawaba, na mwambie asikate chochote kabla hajafunga vyuma vya kushikilia milango isihame. Wakikata kingo bila kuishikilia, gari litapinda moja kwa moja. Kwa kazi hiyo jiandae kwa maelfu, lakini gari la turubai lina thamani yake, na kwako thamani ni zaidi.

Na usiiwashe kabla ya kumwaga petroli ya miaka mitatu.

BintiUpanga

Nimepima na sarafu, kaka. Gari likiwa chini sarafu mbili zinapita. Likinyanyuliwa hata moja haipiti. Nimemwambia fundi asubiri. Mungu akubariki.

Kijana_Dayton

Wakubwa shikamooni. Nimefuata uzi huu tangu mwanzo. Jumamosi nilienda kuona moja na galoni zangu mbili. Upande wa abiria nilikuta zulia limelowa hata kabla sijamwaga.

SpanaYaInchi

Marahaba. Uligusa? Yalikuwa maji matupu au yana utelezi na harufu tamu?

Kijana_Dayton

Utelezi, na harufu kama ya sharubati.

SpanaYaInchi

Basi hiyo si kaoli, ni rejeta ndogo ya hita imetoboka, maji ya injini yanadondoka. Kifaa ni chini ya dola 60, kazi ni mchana mmoja. Ulipomwaga maji yako je?

Kijana_Dayton

Pande zote mbili kukavu kabisa. Gari lilikaa New Mexico mpaka mwaka jana. Mzee anataka dola 19,000, anasema ni V8 289 ya kiwandani.

SpanaYaInchi

Hesabu bolti za tairi. Halafu fungua boneti, soma namba iliyogongwa kwenye bati la fenda ya kushoto. Niandikie herufi tano za mwanzo.

Kijana_Dayton

Bolti nne. Namba inaanza 6R07T.

SpanaYaInchi

Sita ni mwaka 1966. R ni kiwanda cha San Jose, California, hiyo inaelezea bati zima. 07 ni paa la bati. Herufi ya tano ndiyo injini: C, A au K ni 289. T ni silinda sita ya inchi 200. Gari hilo lilizaliwa na sita, mtu akaweka V8 baadaye. V8 za kiwandani zina bolti tano. Kwa hiyo chini yake bado kuna drami za inchi 9 badala ya 10 na ekseli ya nyuma ile ndogo, zinabeba injini ambayo hazikutengenezewa. Usimwite mzee mwongo, pengine aliuziwa hivyo hivyo. Mwonyeshe namba kwa upole.

MkenyaDallas

Na springi za mbele uangalie pia. Za sita ni laini, V8 ni nzito, pua ya gari itakuwa imeinama.

Kijana_Dayton

Nimerudi kwa mzee leo. Alivaa miwani, akaisoma namba mwenyewe mara mbili. Alinyamaza muda mrefu. Pua kweli imeinama. Tumeelewana dola 12,500 na ameniongezea ile sita ya zamani, iko chini ya turubai kwenye banda lake, pamoja na kabureta na distributa yake. Naliweka kwenye trela Ijumaa.